Mshono, mguu na koo: maneno ya kuchomelea ambayo fundi na mkaguzi wanafaa kuyaelewa sawa

Tangi la maji la lita 10,000 likijaa lina tani 10 za maji, kabla ya kuhesabu uzani wa tangi lenyewe na wa mnara ulioliinua. Mzigo huo wote hupitia kwenye mishono ya chuma ambayo mingi haifiki upana wa kidole. Ndivyo ilivyo pia kwa paa za masoko, vivuko vya waendao kwa miguu, vikingio vya ngazi na bembea za watoto wa chekechea. Katiba ya mwaka 2010 iliziachia serikali za kaunti kazi za umma za kaunti, huduma za maji na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hivyo, mshono ambao mwananchi hupita chini yake kila siku mara nyingi umechomelewa na fundi wa jua kali wa papa hapa, kisha ukakaguliwa na afisa wa kaunti.

Kati ya watu hao wawili kuna fomu. Mkaguzi huandika maneno matatu au manne, mengi yakiwa ya Kiingereza. Mwanakandarasi huyasoma kwa simu, na fundi huambiwa tu kwamba mshono ni mbaya, arudie. Fundi huchukua grinda, huondoa mshono wote na kuweka mwingine kwa mashine ile ile, rodi zile zile na moto ule ule. Mkaguzi akirudi, anaukataa tena. Malipo hukwama, na kila upande huanza kumshuku mwenzake: huyu ni mzembe, yule anatafuta kitu kidogo. Uzembe upo na hongo ipo, lakini mara nyingi kisa chenyewe ni neno moja ambalo kila mmoja amelielewa kivyake.

Kiungo si mshono

Kiungo ni mahali vipande viwili vya chuma vinapokutana. Kipo hata kabla ya mashine kuwashwa. Mshono ni chuma kilichoyeyuka, kikaganda na kuvishikanisha vipande hivyo. Tofauti hiyo huonekana ndogo hadi siku mkaguzi anapoandika kwamba kiungo hakifai. Anaposema kiungo, analalamikia maandalizi: pengo ni pana mno, vipande havikulingana, kingo hazikukatwa mshazari, au kutu na mafuta havikusafishwa. Kurudia mshono juu ya kiungo kibovu ni kupaka rangi ukuta uliopinda. Anaposema mshono, kiungo kinaweza kuwa sawa kabisa na tatizo likawa mkono wa fundi, rodi au moto wa mashine, yaani ampea.

Kipande chenyewe kinachounganishwa huitwa chuma mama. Chuma kinachoongezwa kutoka kwenye rodi ni chuma cha kujazia. Ule mwanga mkali kati ya ncha ya rodi na chuma mama ni tao la umeme, na joto lake ndilo huviyeyusha vyote viwili vikafanya dimbwi dogo. Dimbwi hilo ndilo kazi yenyewe. Fundi mzoefu hautazami mwanga. Hulitazama dimbwi kupitia kioo cheusi, na kwa umbo lake hujua kama chuma mama kimeyeyuka pamoja na rodi au kama rodi inadondoka tu juu ya chuma baridi.

Ganda linaloizunguka rodi ni flaksi. Likiungua hutoa gesi inayozuia hewa isifike kwenye dimbwi, kisha mabaki yake huganda juu ya mshono kama ukoko uitwao slagi. Kiswahili cha zamani kina jina lake kwa uchafu wa namna hiyo, mavi ya chuma, na hakuna aibu fundi kulitumia. Aibu ni kuufunika uchafu huo kwa mshono wa pili bila kuugonga na kuupiga brashi kwanza.

Sehemu za mshono zimepewa majina ya mwili na ya mmea. Upande unaoonekana ni uso. Mistari miwili ambapo uso hukutana na chuma mama ni vidole. Ndani kabisa, upande wa pili kutoka usoni, ni mzizi. Kwenye mshono wa kona, ule unaowekwa pale ambapo bamba moja limesimama juu ya jingine kama herufi T iliyopinduliwa, kuna majina mengine mawili, na haya ndiyo huleta ugomvi mkubwa wa pesa: mguu na koo.

Mguu ni urefu kutoka kwenye kona hadi kidole, ukipimwa juu ya bamba. Koo ni umbali mfupi kabisa kutoka mzizi hadi uso, ukipita katikati ya mshono. Wahandisi huhesabu nguvu ya mshono wa kona kwa koo lake, kwa sababu hapo ndipo chuma ni chembamba zaidi. Mshono wenye miguu miwili iliyo sawa huwa na koo la takriban 0.7 ya mguu. Mguu wa milimita 6 basi una koo la milimita 4.2 tu.

Sasa, mchoro ukisema milimita 6, ni sita za mguu au za koo? Michoro inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO huweka herufi: a ni koo, z ni mguu. Mchoro ulioandikwa a6 unataka mguu wa takriban milimita 8.5. Tofauti kati ya 6 na 8.5 haionekani kubwa kwa jicho, lakini chuma kinachojaza mshono huongezeka kwa mraba wa mguu, kwa hivyo mshono wa a6 hula chuma mara mbili ya ule wa z6. Fundi aliyepiga bei ya rodi, umeme na siku za kazi akidhani ni mguu, kisha akadaiwa koo, hajaiba chochote na mkaguzi hajamwonea. Ameuza kazi moja, akatakiwa nyingine. Swali la herufi hiyo huulizwa kabla ya bei kukubaliwa, na kama mchoro hauna herufi, jibu la mhandisi linafaa kuandikwa na kutiwa sahihi.

Kuna wanaojaribu kufidia kwa kuuvimbisha mshono tumbo. Tumbo hilo halihesabiwi kwenye koo, na hufanya pembe kali pale kwenye vidole, mahali ambapo nyufa hupenda kuanzia. Uso bapa, au uliovimba kidogo sana, ni bora.

Neno geji nalo lina mtego. Kwa mabati na mabomba ya mraba, namba ya geji ikipanda chuma hupungua unene: geji 16 ni takriban milimita 1.6, geji 18 ni takriban 1.2. Rodi pia huuzwa kwa geji: geji 12 ni ile inayokaribia milimita 2.5, geji 10 inakaribia 3.2. Halafu kuna geji ya tatu, kile kibao cha chuma ambacho mkaguzi hupimia mguu na koo. Fundi akisikia kwamba geji haikutosha, ana haki ya kuuliza ni ipi kati ya hizo tatu.

Namba zilizochapishwa kwenye rodi hazina utata kama huo, ila watu wengi huzipita. Katika E6013, E ni elektrodi, jina la kitabuni la rodi. 60 ni nguvu ya mvuto ya chuma chake, ratili 60,000 kwa kila inchi mraba, sawa na takriban megapaskali 414. 1 humaanisha rodi inafaa kwa mikao yote, na tarakimu mbili za mwisho zikisomwa pamoja hutaja aina ya flaksi na ya umeme. E7018 ina nguvu zaidi, lakini sifa yake kubwa ni flaksi yenye hidrojeni kidogo. Umuhimu wa jambo hilo utaonekana hapa chini.

Ugumu si nguvu

Kiswahili cha kila siku husema chuma hiki ni kigumu na kumaanisha mambo manne tofauti. Kwa kazi ya umma ni lazima yatenganishwe.

Tupa na msumari vitasaidia kueleza. Tupa haikwaruziki, ndiyo maana hukata chuma kingine. Hiyo ni ugumu. Lakini tupa ikibanwa kwenye jiliwa na kupigwa nyundo, hukatika ghafla kama kigae. Msumari hukwaruzika kwa urahisi, lakini ukipigwa hupinda, na ukinyooshwa hutumika tena. Uwezo huo wa kupinda bila kukatika ni unyumbufu. Uwezo wa kumeza kishindo bila kupasuka ni ushupavu. Nguvu ni kiasi cha mzigo ambacho chuma hustahimili kabla ya kukatika kikivutwa. Mnara wa tangi unahitaji nguvu, unyumbufu na ushupavu. Ugumu mwingi ndani yake ni hatari, kwa sababu chuma kigumu hakitoi onyo. Mhimili unyumbufu hulegea na kupinda machoni pa watu, ilhali mhimili mgumu hupasuka tu.

Kinachotofautisha tupa na msumari ni kaboni. Chuma laini cha kawaida, kile cha mabomba ya mraba na pembe za chuma zinazouzwa madukani, huwa na kaboni isiyozidi takriban asilimia 0.25. Springi za magari huwa karibu na asilimia 0.6. Tupa huzidi hapo. Chuma cha kalibu, kile cha vizimba vya injini na masufuria mazito, huwa na zaidi ya asilimia 2, na kukichomelea ni kazi ya wachache.

Feleji yenye kaboni nyingi ikipashwa moto kupita takriban nyuzi 727 za Selsiasi, muundo wake wa ndani huanza kubadilika. Ikipozwa polepole hurudi kuwa laini. Ikipozwa ghafla huwa ngumu kama kioo. Wahunzi wamelijua hilo tangu zamani, ndiyo maana panga huchovywa majini likiwa jekundu na kisha hupashwa tena kidogo ili lisivunjike. Wataalamu huuita muundo huo mgumu martensaiti, kwa jina la Mjerumani Adolf Martens.

Mshono hufanya kazi ya mhunzi bila kukusudia. Kando yake, milimita chache kila upande, kuna chuma mama ambacho hakikuyeyuka lakini kilipashwa moto mkali, kisha kikapozwa haraka na bamba baridi lililobaki. Sehemu hiyo huitwa ukanda ulioathiriwa na joto. Ndio msamiati muhimu kuliko yote katika makala haya, kwa sababu hauonekani kwa macho na ndipo vyuma vingi huvunjikia. Fundi huja kuonyesha mshono wake ukiwa mzima, akiapa kwamba kilichokatika ni chuma wala si kazi yake. Anasema kweli kwa nusu. Kilichokatika ni chuma mama, lakini kilikatika mahali alipokibadilisha yeye.

Kwa chuma laini chembamba ukanda huo hauna shida. Shida huja na vyuma chakavu. Springi ya lori ikichomelewa kwenye fremu kwa E6013 na kuachwa ipoe kwa upepo, mshono hupendeza, na baada ya wiki kadhaa za mtikiso springi hukatika kando ya mshono, mstari ulionyooka kana kwamba umekatwa kwa msumeno. Chuma cha namna hiyo huhitaji kupashwa moto kabla, rodi yenye hidrojeni kidogo, na kupozwa polepole kwa kufunikwa. Hata hivyo, kwa jengo au mnara wa umma jibu bora ni kutokitumia kabisa. Springi ziachiwe wanaofua majembe na mapanga.

Karakana isiyo na maabara inaweza kupima. Tupa ikipitishwa juu ya chuma na kuteleza bila kukata, chuma hicho ni kigumu kupita kiasi. Kwenye grinda, chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka zenye matawi machache, na chenye kaboni nyingi hutoa cheche zinazopasuka kama nyota. Kipimo hicho hakitoi asilimia, lakini hutosha kumfanya fundi asimame na kuuliza.

Jambo moja lisemwe wazi: mshono usimwagiwe maji ili upoe haraka. Kufanya hivyo kwa chuma usichokijua ni kutengeneza tupa ndani ya mnara.

Ufa wa siku ya pili

Hakuna jambo linalovunja uaminifu kati ya fundi na mkaguzi kama ufa ambao haukuwepo jana. Fundi amemaliza Ijumaa jioni, amekagua kwa tochi, amempigia mwanakandarasi. Jumatatu mkaguzi anauona ufa. Fundi anaapa haukuwepo, na mkaguzi haamini.

Wote wawili wanaweza kuwa sahihi. Ufa huo huitwa ufa wa baridi, na huletwa na hidrojeni. Unyevu ulio ndani ya flaksi, au mafuta, rangi na kutu juu ya chuma, huvunjwa na tao la umeme na kutoa hidrojeni inayoingia kwenye dimbwi. Chembe zake ni ndogo mno, hivyo huendelea kutembea ndani ya chuma hata baada ya kuganda. Zikikusanyika kwenye ukanda ulioathiriwa na joto, na ukanda huo ukiwa mgumu, na chuma kikiwa kinajivuta kwa sababu ya kusinyaa kikipoa, ufa huzaliwa. Inaweza kuchukua saa kadhaa au siku. Kwa baadhi ya feleji za nguvu ya juu, kiwango cha Marekani cha ujenzi wa chuma hutaka ukaguzi wa mwisho usubiri angalau saa 48 baada ya mshono kukamilika.

Ufa wa joto ni ndugu tofauti. Huo hutokea mshono unapoganda, mara nyingi katikati yake au kwenye kishimo kinachobaki fundi anapoinua rodi ghafla. Huonekana papo hapo, na dawa yake ni kukijaza kishimo kabla ya kuinua rodi. Mkaguzi akiandika ufa bila kusema ni wa aina gani na uko wapi, fundi hawezi kujua kama atibu mkono wake au stoo yake.

Stoo ndiyo chanzo cha mengi. Boksi la E7018 lililofunguliwa na kuachwa sakafuni wakati wa masika limeshapoteza ile sifa yake ya hidrojeni kidogo, hata kama namba bado inasomeka. Kiwango hicho hicho cha Marekani hutaka rodi za aina hiyo zilizopata unyevu zipikwe kwa tanuri angalau saa mbili kati ya nyuzi 260 na 430. Kuzianika juani au kuzipitisha kwenye moto wa jiko hakufikii joto hilo. E6013 haihitaji tanuri kama hiyo. Mahali pakavu panaitosha, lakini pia haifai kuchukua nafasi ya E7018 pale mchoro ulipoitaja, hata kama bei yake inavutia.

Dosari na kasoro

Hakuna mshono usio na alama. Viwango hutenganisha maneno mawili ambayo mitaani hutumika kama moja. Dosari ni chochote kisicho sawasawa ndani au juu ya mshono. Kasoro ni dosari iliyozidi kipimo kinachoruhusiwa kwa kazi husika. Dosari huandikwa. Kasoro hukataliwa. Kiwango cha ISO 5817 kina madaraja matatu, B, C na D, na B ndilo kali zaidi. Vitundu vichache vya hewa vinavyopita kwenye geti la D vinaweza kukataliwa kwenye mhimili wa B. Mkaguzi anayekataa bila kutaja daraja anakagua kwa hisia zake, na fundi ana haki ya kumuuliza. Ufa hauingii kwenye mjadala huo, kwa kuwa haukubaliwi katika daraja lolote kati ya hayo matatu.

Dosari za kila siku ni chache. Vitundu vya hewa hutokana na unyevu, uchafu, upepo au tao lililorefushwa mno. Slagi iliyonaswa hutokana na kutosafisha kati ya tabaka na tabaka. Mfereji wa kidole ni mkato mwembamba ulioliwa kwenye chuma mama kando ya mshono, kwa kawaida moto ukiwa mwingi au mkono ukienda mbio. Mshono uliolalia umemwagikia juu ya chuma mama bila kushikana nacho. Cheche zilizoganda pembeni huudhi macho na kuharibu rangi, lakini peke yake haziangushi kitu.

Mbili huchanganywa sana. Kutopenya ni pale mshono usipofika kwenye mzizi, na kutoshikana ni pale unapofika lakini chuma mama hakikuyeyuka, kwa hivyo vimelala pamoja bila kuungana. Kutopenya mara nyingi huponywa kwa kufungua pengo au kukata kingo mshazari, na kutoshikana huponywa kwa moto, pembe ya rodi na usafi. Kutoshikana ndiko kubaya zaidi kwa sababu uso unaweza kupendeza kuliko wote. Fundi anaweza kujipima bila gharama: achomelee kona upande mmoja tu wa vipande viwili vya mabaki, akibane kipande kwenye jiliwa, akikunje kwa nyundo kuelekea upande wa mshono hadi mzizi ufunguke na mshono ukatike, kisha asome palipokatika. Mstari unaong'aa na laini ni mahali ambapo chuma hakikushikana kamwe.

Je, mshono mdogo usiobeba mzigo, kama wa kushikilia bomba la waya au kibao cha jina, unastahili macho hayo yote? Jibu moja lilitoka Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwe. Tarehe 27 Machi 1980 jukwaa la malazi ya wafanyakazi wa mafuta, Alexander L. Kielland, lilipinduka likiwa na watu 212, na 123 kati yao wakafa. Uchunguzi ulifuata ufa hadi kwenye mshono wa kona wa milimita 6. Mshono huo haukubeba jukwaa. Uliwekwa kushikilia kifaa cha kusikiliza sauti majini kwenye mojawapo ya nguzo za kukaza. Ufa ulianzia hapo, ukaizunguka nguzo kwa mapigo ya mawimbi hadi ikakatika. Ndani ya ufa zilikutwa alama za rangi, ishara kwamba sehemu yake ilikuwepo tayari wakati chuma kilipopakwa rangi kiwandani.

Hilo la rangi lina maana ya moja kwa moja kwa karakana za hapa, ambako rangi nyekundu ya kuzuia kutu hupakwa slagi ikiwa bado vuguvugu ili kazi ionekane imekwisha. Rangi hufunika mfereji wa kidole, vitundu na nyufa. Mkaguzi anayefika baada ya rangi amekagua rangi. Mpangilio unaofaa ni kuchomelea, kusafisha, kukagua, kisha kupaka.

Ukaguzi wa macho, kwa tochi, brashi na geji, hugundua mengi na hauna gharama. Pale panapohitajika zaidi kuna dawa ya rangi inayopenya kwenye nyufa za juu, unga wa chuma na sumaku, mawimbi ya sauti kwa yaliyo ndani, na eksirei. Vipimo hivyo hulipiwa, kwa hivyo vinafaa kutajwa kwenye zabuni mapema badala ya kuzuka wakati wa malipo.

Chuma chenye zinki kina onyo la pekee. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907, chini sana ya joto linaloyeyusha feleji, kwa hivyo moshi mweupe hutoka kabla mshono haujaanza kushika. Moshi huo huleta homa na kutetemeka usiku wake. Maziwa, dawa ya mafundi wengi, hayauzuii. Kinachosaidia ni kuondoa zinki mahali pa mshono, kufanya kazi penye hewa na kuvaa kinga ya kupumua inayofaa.

4G isiyo ya simu

Fundi akisema ana 3G au 4G, hazungumzii mtandao. Katika mfumo wa Marekani namba hutaja mkao wa kazi: 1 ni kulala chini, 2 ni mlalo kwenye ukuta, 3 ni wima, 4 ni juu ya kichwa. G ni mshono wa kiungo kilichokatwa kingo, F ni mshono wa kona. 6G ni bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, na aliyefaulu hapo ameonyesha mkono mzuri kwa mikao mingi.

Cheti hicho ni tofauti na cha majaribio ya ufundi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, yenye daraja la III, la II na la I. Cha NITA husema mtu ni fundi wa kiwango fulani. Cha mkao husema amepimwa kwa njia fulani, chuma fulani, unene fulani na mkao fulani, na hakimruhusu kuruka nje ya mipaka hiyo. Kazi ya umma inaweza kudai vyote viwili, na mwanakandarasi anayeomba kimoja akapewa kingine atajikuta akilipia siku ambazo fundi amekaa bure.

Kinachobaki ni fomu yenyewe. Maneno kama kazi mbaya, rudia hayamwambii fundi chochote. Mkaguzi anayetumia msamiati huu ataandika hivi: "Mshono wa 7, mguu wa mnara upande wa mashariki. Mshono wa kona, z6, daraja C. Mfereji kwenye kidole cha juu, kina milimita 1, urefu sentimita 4. Kiungo ni sawa. Safisha kwa grinda, jaza kwa E7018 kavu ya 3.2, usipake rangi kabla ya ukaguzi." Fundi akipewa karatasi hiyo hahitaji kugusa mishono mingine ya mnara huo, na mwanakandarasi anajua ni rodi ngapi za kumpelekea.